Mrejesho: Trela la kulala na pikapu yangu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama pikapu yangu, ambayo muuzaji hapa Marekani alisema inavuta paundi 9,000, ingeweza kuvuta trela la kulala la familia bila hofu, na wengi mlinielekeza nisome kwanza kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mlikuwa sahihi, kwani kinaruhusu paundi 1,480 tu za watu na mizigo.

Jumamosi nilikwenda kwenye mizani ya malori, nikapima pikapu peke yake, kisha ikiwa imeunganishwa na trela. Trela lililojazwa lina paundi 6,200, na 780 kati ya hizo, yaani karibu asilimia 13, zinakandamiza kiungio cha nyuma. Uzito huo pia ni mzigo wa pikapu, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilipojumlisha hizo 780, familia 640, vifaa 130 na chuma cha kiungio kinachogawa uzito kati ya magurudumu 90, nilipata 1,640, yaani ziada ya paundi 160, ingawa uwezo wa kuvuta ulikuwa umebaki mkubwa.

Vifaa nimeviacha nyumbani. Tangi la maji, lililo mbele ya magurudumu ya trela, nimelimwaga galoni zote 40, nalo kandamizo limeshuka hadi 700. Sasa jumla ni 1,430. Maji tutajaza kambini, ingawa mke wangu bado analalamikia vifaa vyake vya kuchomea nyama.