DaVinci Resolve: nataka mazingira yawe na ubluu ila uso ubaki wa kawaida, nodi naziungaje?

Kivuli_Laini: Habari zenu wakuu, nipo DaVinci Resolve (programu ya kuhariri na kurekebisha rangi za video), nina klipu ya mtu anaongea karibu na dirisha. Nodi (hatua moja ya marekebisho) ya kwanza nimesawazisha mwanga, ya pili nimetia ubluu, mazingira yamependeza sana ila uso umekuwa kama wa mgonjwa. Nikaongeza ya tatu mbele nichague ngozi kwa kwalifaya (kifaa cha kuchagua sehemu kwa rangi yake) nirudishe wekundu, inashika ngozi na ukuta pia. Nikajaribu kuongeza Corrector (nodi ya kawaida ya rangi) kwa rait kliki, hiyo imekaa pembeni peke yake, nazungusha magurudumu ya rangi na hakuna kinachobadilika. Naomba msaada

Fremu24: Hiyo ya pembeni haipati picha mkuu. Kila nodi ina pembetatu ya kijani kushoto, picha inaingilia hapo, na kimraba cha kijani kulia ndo inatokea. Vuta waya kutoka kimraba cha nodi iliyotangulia mpaka pembetatu ya hii, halafu yenyewe iunge na inayofuata. Au ibebe tu uidondoshe juu ya waya, itajiunga yenyewe. Vile vya bluu kwa chini usivichanganye, vinapitisha maski (alama ya sehemu uliyochagua), havipitishi picha. Ukitaka nodi ya mfululizo ikae imeshaungwa bonyeza Alt+S, kwenye Mac ni Option+S

mama_wa_gredi: Kuunga ni sawa ila tatizo la uso liko kwenye mpangilio. Nodi ya tatu inaona kile ilichopewa na ya pili, na ya pili imeshatia ubluu kila mahali, sasa hapo ngozi na ukuta vimeshakaribiana rangi kwalifaya itavitenganishaje? Chagua nodi ya pili ubonyeze Alt+L. Itakuja nodi mpya chini yake pamoja na leya miksa (inayolaza picha ya nodi moja juu ya nyingine), na hiyo mpya inapokea picha moja kwa moja kutoka nodi ya kwanza, ngozi bado safi. Chagulia ngozi hapo

Fremu24: Mi ningetumia Alt+O, nodi ya nje. Unachagua ngozi kwenye ya pili, Alt+O, ubluu unautia kwenye hiyo mpya na unaenda kila mahali isipokuwa ngozi. Haina miksa, ni rahisi zaidi

mama_wa_gredi: Inafanya kazi, sikatai, ila mteja akisema uso nao uguswe na ubluu kidogo, kwenye leya ni rahisi sana kumpimia

Kivuli_Laini: Asanteni sana, waya nimeelewa. Dada nimebonyeza Alt+L ubluu wote ukapotea hapohapo, hata sijagusa kitu. Au nijaribu nodi ya paraleli (ya sambamba)?

mama_wa_gredi: Hapana, paraleli inachanganya zote mbili, uso utapata ubluu tena. Kwenye leya miksa wa chini ndo anafunika wa juu, na nodi yako mpya haina maski bado kwa hiyo inafunika picha nzima. Ukishachagua ngozi ubluu utarudi kwingine kote. Lainisha kingo za maski, kisha fungua sehemu ya Key ya nodi hiyohiyo ushushe Gain ya Output (nguvu ya maski inayotoka) kutoka 1 kidogokidogo huku unaangalia shavu la upande wa dirishani, ubluu utaanza kupenya usoni, simama pale uso unapoonekana uko chumba kimoja na ukuta

Kivuli_Laini: Nimekubali dada, nimeishia 0.8 na ukuta haujaguswa kabisa. Nashukuru mno