PEPMIS inapima kazi au inapima bando?

Mleta mada: Wakuu, tuliokuwepo enzi za OPRAS, ule mfumo wa fomu za kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioanza 2004, tunakumbuka: fomu inajazwa Juni usiku mmoja, bosi anasaini bila kusoma. Ikaja PEPMIS, upimaji uleule ila wa mtandaoni. Unagawa majukumu ya mwaka kuwa kazi ndogondogo, unaandika mtandaoni umefikia wapi, msimamizi anathibitisha. Kwangu mimi karatasi imehamia kwenye kompyuta, usimamizi uko palepale.

Senta yetu kuna kijana wa steshenari ana kaunta buku lenye paswedi za walimu kumi na wawili. Anawajazia kwa elfu mbili kila mmoja. "Kuandaa andalio la somo" anakopi kwa huyu anabandika kwa yule. Hata masomo yao hayajui. Wote wana alama nzuri. Mwalimu wa Hisabati anayebaki na watoto mpaka saa kumi na moja jioni ndiye mwenye alama mbovu, maana kasahau kujaza wiki tatu.

Mwalimu mkuu: Mkuu, umesahau taarifa ya siri? Kabla ya OPRAS bosi alikuandika bila wewe kuona. Unashtukia wenzio wamepanda daraja, wewe umesimama. Leo mtu anaona nilichompa na anakuja kubishana. Kujaziwa steshenari ni uvivu wa mtumishi, msiusingizie mfumo. Mimi ninasimamia watumishi 34 na wanajaza.

Nesi: Uvivu? Juzi nilikuwa peke yangu zamu ya usiku wodi ya wazazi. Nimezalisha wanne, mmoja pacha. Mfumo unaniuliza lengo langu la wiki. Sasa mimba za watu nazipangia lengo mimi?

Mleta mada: 😂 Nesi umemaliza. Ila mwalimu mkuu, hao 34 ndio ugonjwa wenyewe. Msimamizi asithibitishe asichokiona. Apewe watu kumi, aingie darasani akae nyuma dakika arobaini, atoke na neno la kumwambia mwalimu. Na yeye apimwe kwa hilo, siyo kwa asilimia ya waliojaza.

Mwalimu mkuu: Kumi? Niwape nani hao wengine? Nina vipindi vyangu, nina wazazi wa chakula cha mchana, nina choo cha wavulana kimetitia. Darasa la mtu niliingia mara ya mwisho Februari, sikatai. Sasa hivi ni saa tano usiku, nimebakiza kumi na tisa wa kuthibitisha na mtandao umekata mara mbili.