Kususia sheli kwa ajili ya mafuta kumwagika baharini: kuna maana kwa sisi wenye gari?

DerevaWaPaje
Asalaam alaykum wanajukwaa. Mie naendesha gari ya abiria Mjini hadi Paje, na mke wangu analima mwani. Katika kundi letu la madereva kuna wanaotaka tusitie tena mafuta kwenye sheli za kampuni moja ya kigeni, kisa mafuta iliyoyamwaga baharini huko nje. Moyo wangu uko nao. Mwaka 2020 niliona picha za Mauritius, watu wanashona vizuizi vya majani ya miwa kwa mikono ili kuzuia mafuta meusi. Nikaufikiria mwani wetu pale maji yakitoka, kila shina limefungwa kwa taitai, vile vikamba vyembamba. Mafuta yakifika hapa, kamba na vigingi tutaviosha, mwani ndio basi tena. Lakini sheli hiyo ndiyo iliyo njiani mwangu, na kijana wa pampu ni wa mtaani kwetu. Nikihama, anaumia nani?

PampuMbili
Ataumia yule kijana kwanza, kisha mwenye sheli. Mie nimesimamia sheli, najua. Bango ni la kampuni, biashara mara nyingi ni ya mtu wa hapa hapa. Kisima cha kampuni ya BP kiliporipuka Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010, wakafa wafanyakazi 11, Wamarekani wengi walisusia. Vituo vingi vyenye bango lile vilikuwa vya watu binafsi, wao ndio waliokimbiwa na wateja. Kampuni ina masoko mengine. Tena meli moja ya mafuta huweza kushusha mzigo wa kampuni kadhaa, kwa hivyo ukihama bango huenda ukatia mafuta yale yale. Na bei kikomo anatangaza ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma Zanzibar.

BintiMkoani
Kaka PampuMbili, hapo sikubaliani nawe. Mwaka 1995 kampuni ya Shell ilitaka kulizamisha Brent Spar, tangi kubwa la kuhifadhia mafuta, katika Atlantiki. Wajerumani wakavisusia vituo vyake, na tarehe 20 Juni kampuni ikarudi nyuma. Ila wao walidai jambo moja linalofanyika: msilizamishe. Nyinyi kundini mnadai nini khasa? Andikeni dai kwanza, ndipo msusie.

AmiWaWete
Kijana wangu, ile meli ya Mauritius, Wakashio, haikuwa ya mafuta. Ilikuwa meli ya mizigo ya Wajapani, inakwenda Brazil tupu, ikapanda mwamba tarehe 25 Julai. Tani kama 1,000 zilizovuja ni za mashine yake mwenyewe. Hapo ungesusia sheli ya nani?

Mie naangalia fidia. Tanzania ni mwanachama wa mfuko wa kimataifa wa fidia wa mwaka 1992, unaohusu meli zinazobeba mafuta. Lakini anayedai lazima aoneshe alikuwa akipata nini kabla. Sasa mkeo anauza mwani, mnunuzi anapima, anamwandikia kilo kwenye kikaratasi, na kikaratasi kinaishia kuwashia moto. Ataonesha nini? Kule Alaska, Exxon Valdez, meli ya mafuta ya kampuni ya Exxon, ilimwaga mafuta mwaka 1989. Baraza la wazee wa mahakama likaamua kampuni ilipe dola bilioni 5 za adhabu. Kesi ilipomalizika Mahakama ya Juu mwaka 2008, zilibaki kama milioni 507. Wadai wengine walishafariki. Na hao walikuwa na mawakili na hesabu zao! Mnunulie daftari: tarehe, kilo, bei, jina la mnunuzi, sahihi yake.

FundiKwahani
Naongeza moja. Ukibadilisha oili, ile chafu unaipeleka wapi? Gereji nyingi wanamwaga mtaroni, na masika yakipiga inaishia pwani. Mie naiweka kwenye pipa, wajenzi wanakuja kuichukua wapake mbao zisiliwe na mchwa. Mwenye gari amuulize fundi wake, akikuta anamwaga ahame. Huo mgomo mie nauunga mkono leo leo.

DerevaWaPaje
Nimewasoma, ahsanteni sana. Kundini nitasema tusihame sheli mpaka tuwe na dai lililoandikwa, na kuwauliza mafundi juu ya oili chafu tuanze wiki hii. Daftari limeshanunuliwa. Mke wangu anauliza, ami: mnunuzi akikataa kutia sahihi?

AmiWaWete
Atie sahihi mwenzake waliyepima naye siku hiyo, na kila mwisho wa mwezi mkeo alipeleke daftari kwa sheha, aombe muhuri.