SBAS kwenye risiva: satelaiti inaonekana ila vipimo ni vile vile, huduma hizi ni za nini hasa?

mtafuta_nukta

Wakuu habari zenu. Nina swali limenikaa kichwani wiki ya pili sasa. Nina risiva ndogo ya GPS, ile ya kuchomeka USB kwenye kompyuta, nachorea ramani za njia za miguu na mistari ya miti. Kwenye maelezo yake wameandika inapokea SBAS, halafu wanataja WAAS ya Marekani, EGNOS ya Ulaya, MSAS ya Japani na GAGAN ya India. Nikasoma kidogo nikaelewa ni mifumo ya kuisaidia GPS, ukiwasha usahihi unapanda. Basi nikawasha. Nikaweka antena juu mahali peupe, anga yote inaonekana, nikaacha saa nzima inarekodi, halafu nikazima SBAS nikarekodi saa nyingine. Nukta zimetawanyika vile vile, mita 2 hadi 3, sioni tofauti yoyote. Na satelaiti yenyewe naiona kabisa kwenye orodha, namba 36, ishara yake nzuri tu.

Kinachonichanganya zaidi, nikisoma kuhusu EGNOS naambiwa ina huduma tatu, moja ya wazi kwa kila mtu, moja ya usalama wa maisha na moja ya data kwa intaneti. Kwani si ishara ni ile ile? Inalipiwa? Mimi hapa natumia ipi? Na kama GPS peke yake siku hizi inanipa mita 3, watu walijenga mitambo mikubwa hivi ya nini? Anayejua anieleweshe taratibu, sitaki kuambiwa tu washa au zima. Niko nje ya Ulaya kama hiyo inasaidia.

pembe_nne

Zima tu mkuu. Nje ya eneo lao haina kazi, mimi nimezima miaka yote na sijapungukiwa kitu.

msoma_ishara

Mkuu mtafuta_nukta, jibu la pembe_nne lina ukweli ila umesema unataka kuelewa, ngoja nikupe mzunguko wote.

Anza na hiyo 36. Risiva nyingi zinaandika satelaiti za SBAS kwa namba fupi, ukitaka namba yenyewe unajumlisha 87. 36 na 87 ni 123, na 123 ni namba ambayo EGNOS imeitumia. Kwa hiyo ni kweli unapokea satelaiti ya Ulaya ukiwa nje ya Ulaya, na hapo ndipo wengi tunapotegwa. Satelaiti yenyewe imesimama juu ya ikweta umbali wa kama kilomita 36,000, kutoka kule inaona karibu theluthi nzima ya dunia, kwa hiyo kuipata ni rahisi. Ila kuipata sio kuhudumiwa.

Nikueleze kwanini. Mfumo wenyewe kazi yake inaanzia chini, sio juu. Kuna vituo vya ardhini ambavyo mahali pake panajulikana kwa usahihi mkubwa, WAAS ya Marekani inavyo 38 na EGNOS karibu 40. Kila kituo kinasikiliza satelaiti za GPS muda wote, na kwa sababu kinajua kilipo kinaweza kusema satelaiti hii leo inadanganya kwa kiasi hiki. Vipimo vyote vinakwenda kituo kikuu, kinatenganisha kosa la saa ya satelaiti, kosa la njia inayopita angani, na ucheleweshaji wa ionosfia (tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, linalochelewesha ishara), kisha masahihisho yanarushwa juu kwenye satelaiti ile iliyosimama nayo inayamwaga chini kwa masafa yale yale ya GPS, megahezi 1575.42. Ndo maana risiva yako haikuhitaji redio nyingine wala intaneti. Na hayo masahihisho ni membamba ajabu, biti 250 tu kwa sekunde, yaani ujumbe mmoja kila sekunde.

Sasa kosa kubwa kwa mtu ambaye risiva yake inasikiliza masafa mamoja tu kama wewe ni ionosfia. Hilo wanalichora kama wavu, nukta zimepangwa kila digrii 5 kwa 5 kwenye tabaka la kufikirika la kilomita 350 juu, kila nukta ina ucheleweshaji wake. Risiva inaangalia mwali wa kutoka kwenye satelaiti umelitoboa tabaka wapi, inachukua nukta zinazozunguka hapo inapiga hesabu. Lakini nukta juu ya kichwa chako zinajazwa na nani kama hakuna kituo karibu? Hakuna. Zinabaki hazina data. Kwa hiyo satelaiti unaiona, ujumbe unaupokea, ila ndani yake hakuna kinachokuhusu wewe zaidi ya masahihisho ya saa na njia kwa satelaiti chache ambazo Ulaya nayo inaziona.

Fanya hivi, fungua ule mstari wa maandishi ya risiva unaoanza na jina lenye GGA, hesabu mpaka sehemu ya sita baada ya hilo jina. Ikiwa 1 ni GPS tupu, ikiwa 2 masahihisho yanatumika, 4 na 5 ni mambo ya RTK (upimaji wa sentimita kwa msaada wa kituo cha karibu) hayo yaache. Rekodi nusu saa utuletee majibu.

fundi_wa_vyombo

Nimefanya kazi na vyombo vya ndani ya ndege muda mrefu, niingie hapo kwenye swali la kwanini walijenga, maana naona wengi wanadhani hii mitambo ni ya kupunguza mita 3 ziwe 1.

Mipango ilianza miaka ya 1990 na wakati huo ishara ya GPS ya raia ilikuwa inaharibiwa makusudi, kosa lilikuwa linafika mita 100, mpaka Marekani walipozima ule uharibifu tarehe 2 Mei 2000. Kwa hiyo ndio, usahihi ulikuwa sababu moja. Lakini kilichobaki, na ambacho kwangu ndio moyo wa jambo, ni kuaminika. Usahihi ni kitu kimoja, kujua kama huo usahihi uko kweli dakika hii ni kitu kingine kabisa.

Chukua mfano wa tarehe 1 Januari 2004. Saa ya atomiki ya satelaiti moja ya GPS, namba 23, iliharibika, ikawa inateleza. Satelaiti iliendelea kujitangaza ni nzima kwa karibu saa 3 kabla haijawekewa alama ya ubovu, na katika muda huo kosa la umbali lilikua hadi kilomita nyingi. Mtembea kwa miguu akipata hiyo anaona ramani imeruka anasubiri. Ndege iliyo ndani ya mawingu inashuka kuelekea uwanjani, rubani haoni kitu chochote nje, hana nafasi ya kusubiri.

Huduma ya usalama wa maisha inafunga hilo pengo. Mfumo unalazimika kumfikishia rubani tahadhari ndani ya sekunde 6 tangu kitu kiharibike, na uwezekano wa kumdanganya bila kumwambia unatakiwa usizidi 2 kwa milioni 10 kwa kila mteremko mmoja. Tena hawakutumii masahihisho peke yake, wanakutumia na kiasi cha kutoyaamini. Risiva ya ndege inachukua hivyo viwango inapiga hesabu ya boksi, inasema niko hapa na nina hakika sijatoka nje ya boksi hili. Kwa mteremko wa mpaka futi 200, boksi likizidi mita 40 kwa mlalo au mita 35 kwa wima, kupimwa kutoka katikati, chombo kinakataa, rubani anaondoka anatafuta njia nyingine. Huko kukataa ndio huduma yenyewe. Kwa upande wa kipimo halisi mara nyingi kosa ni mita 1 au 2 tu, lakini hakuna anayeshusha abiria kwa kutegemea mara nyingi.

WAAS ilianza kutumika rasmi Julai 2003. EGNOS huduma ya wazi ilitangazwa Oktoba 2009, ya usalama wa maisha Machi 2011. Na ndio, ishara ni ile ile moja na hailipiwi. Tofauti iko kwenye ahadi. Ya wazi wanakwambia tumia lakini hatukudhamini. Ya usalama wanadhamini, ila lazima chombo chako kiwe kimethibitishwa, uwanja uwe na utaratibu wa kutua uliochapishwa, na rubani awe amefunzwa. Faida yake kubwa nimeiona kwenye viwanja vidogo ambavyo havina mitambo ya ILS (redio za kuongoza ndege kutua) ya pembeni mwa njia ya kurukia, maana ile ni ghali kuweka na kuitunza, hapa uwanja hauhitaji antena hata moja ya kuongozea.

pembe_nne

Aah hapo nimeelewa kitu sikuwahi kukifikiria. Nimekuwa nikiipima SBAS kwa mizani ya mita tu. Naondoa ile lugha yangu ya haina kazi.

nyayo_na_mita

Naongezea upande wa sisi tunaopima ardhi, kwa sababu mtafuta_nukta shida yake ni ramani sio ndege.

Ile ya tatu, ya data kwa intaneti, inaitwa EDAS, ilitangazwa 2012. Inatoa data za EGNOS pamoja na vipimo vya vile vituo vyake karibu papo hapo, unajiandikisha unapata bure. Iliwekwa kwa ajili ya mahali ambapo satelaiti iliyosimama haionekani, mfano kwenye mabonde au kati ya majengo marefu, na kwa watu wanaotengeneza huduma zao juu yake. Ila mkuu, tatizo lako EDAS haitibu, data ni za vituo vile vile vya Ulaya.

Ukitaka kushuka chini ya mita kuna njia nyingine na tusizichanganye. RTK ni sentimita, unahitaji kituo chako au cha jirani kilomita chache, ukienda mbali kinaharibika. Galileo nayo, mfumo wa Ulaya unaofanana na GPS, toka Januari 2023 inatoa masahihisho ya usahihi wa juu bure, lengo lao ni kama sentimita 20 kwa mlalo, na hii haibanwi na bara moja kwa sababu inatoka kwenye satelaiti za Galileo zenyewe, pia iko kwa intaneti. Lakini inatoka masafa ya E6, hiyo risiva yako ya USB naamini haisomi hayo, na hata inayosoma inataka dakika kadhaa kutulia kabla ya kufika huko. Na angalia sana, usahihi huo wa sentimita hauna ile dhamana anayoieleza fundi_wa_vyombo. Ni huduma ya kazi tofauti.

Kwa vifaa ulivyonavyo mimi ningepita njia hiyo hiyo mara tatu siku tofauti saa tofauti, kisha nikachukua mstari wa katikati. Nimefanya hivyo kwa mipaka ya miti na inasaidia kuliko mpangilio wowote wa risiva.

mtafuta_nukta

Nimerudi wakuu, asanteni mno. Nimerekodi dakika 40 nikachambua GGA. Karibu yote ni 1. Kuna vipande vifupi vya 2, kimoja kimedumu kama dakika 3, na la ajabu hapo kwenye 2 nukta hazikukaa vizuri zaidi, ziliruka pembeni kama mita moja halafu 1 iliporudi zikarudi. Hiyo nayo ni nini?

Na swali la mwisho, kama shida ni vituo, kwanini wasiongeze vituo tu huku karibu na ikweta wakamaliza?

msoma_ishara

Huko kuruka ndiko nilikuwa nakutarajia. Risiva ilipata satelaiti za kutosha zenye masahihisho ya saa na njia ikahamia kwenye kundi hilo, ila ionosfia ikabidi itumie makadirio ya kawaida ya GPS, na kundi lile lote liko upande mmoja wa anga, upande wa Ulaya. Satelaiti zikikaa upande mmoja umbo linakuwa baya, nukta inavutwa. Kwa hiyo kwa mahali ulipo kuzima ni sahihi, sasa unajua sababu. Pia angalia kama kuna kipengele cha kutumia satelaiti zilizo kwenye majaribio, kizime. Mfumo unaojaribiwa unatuma ujumbe namba 0 unaosema usinitumie kwa usalama, na baadhi ya risiva zimeachwa zinaupuuza.

Vituo peke yake havitoshi. Ionosfia ya karibu na ikweta ni mkorofi, jua likishazama inatengeneza mapovu, ishara inapepesuka na wakati mwingine inakatika kabisa, na ucheleweshaji unabadilika sana ndani ya umbali mfupi. Wavu wa digrii 5 maana yake ni kama kilomita 550 kati ya nukta na nukta, povu linaingia hapo katikati na hakuna aliyeliona. Mfumo ukiwa mwaminifu unalazimika kupanua lile boksi mpaka halifai kwa kutua. India wameonyesha inawezekana kufika mbali, GAGAN ilithibitishwa kwa ndege mwisho wa 2013, na 2015 ikathibitishwa kwa mteremko wenye kuongozwa wima, nchi ambayo iko katika ukanda huo mgumu. ASECNA nao, shirika la usalama wa usafiri wa anga la nchi kadhaa za Afrika, wanarusha ishara yao ya majaribio Afrika toka 2020 kupitia satelaiti ya Nigeria.

Dawa kubwa zaidi ni masafa mawili. Risiva ikisikiliza L1 (yale masafa ya 1575.42) na L5 (masafa mengine ya GPS) kwa pamoja inapima ucheleweshaji wenyewe pale pale, haihitaji wavu wa mtu. Kizazi kijacho cha EGNOS kinajengwa hivyo, na GPS na Galileo kwa pamoja. Kupepesuka kutabaki, ila ule mzigo mkubwa wa wavu unaondoka.

mtafuta_nukta

Nimeelewa kabisa. Nimezima 36, na kile kipengele cha majaribio kweli kilikuwa kimewashwa toka kiwandani. Kesho asubuhi naanza kupita ile njia mara ya kwanza kati ya tatu, nitaleta mistari yote hapa muione.