Gesi ya AC ya gari: kopo la dukani au fundi mwenye mashine?

Mkazi_wa_Tabata: Wakuu, habari za kazi. AC ya gari langu inatoa hewa ya vuguvugu, na joto hili la Dar es Salaam halivumiliki. Kariakoo nimeona makopo ya gesi yenye mpira na geji yake, ilhali fundi mwenye mashine ya kujazia gesi anataka fedha nyingi zaidi. Kesho naamua, mnanishauri nini?

Baridi_Kali: Mkuu, hujataja aina ya gari wala mwaka wake. Baridi ilipungua taratibu au ilikatika ghafla? Fungua boneti usome kibandiko, kwani kinaonyesha aina ya gesi na uzito wake kwa gramu.

Mama_Salma: Natetea kopo, mradi afanyie kazi mahali penye hewa, avae miwani na glavu, na aunge mpira kwenye bomba nene la presha ndogo. Akiunga kwenye presha kubwa, kopo linaweza kumpasukia mkononi.

Fundi_Tanga: Mama Salma, naheshimu maoni yako, lakini geji hiyo haisemi mfumo una gramu ngapi. Nililetewa Noah ambayo fundi mmoja wa barabarani alikuwa akiiongezea gesi kila baridi ilipopungua. Kwenye kiungo cha kondensa, yaani kipoza gesi cha mbele ya gari, palikuwa na vumbi lililoshikana kwa mafuta, dalili ya wazi ya uvujaji, wala hakuna aliyeliangalia. Gesi ilivuja pamoja na mafuta ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, hadi kompresa ikasagika na unga wa chuma ukaenea mabombani. Tulibadilisha kompresa, kondensa na chujio.

Mama_Salma: Hilo ni kosa la kutotafuta uvujaji, si la kopo.

Mkazi_wa_Tabata: Ni Toyota Aqua ya 2013, kibandiko kinasema gesi ni R134a, na baridi ilipungua taratibu.

Baridi_Kali: Basi hesabu imebadilika. Aqua ni haibridi, yaani ina injini na mota ya umeme; kompresa yake huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa na hutumia mafuta ya POE, yasiyopitisha umeme. Kopo lenye mafuta ya PAG, yale ya kompresa za kawaida, linaweza kuharibu kinga inayozuia umeme kuvuja ndani ya kompresa hiyo. Lenye dawa ya kuziba uvujaji usiliguse kabisa.

Mama_Salma: Yapo makopo ya gesi tupu, yasiyo na mafuta wala dawa.

Fundi_Tanga: Yapo, na hata mashine ina hatari hiyo, kwa sababu mipira yake hubaki na PAG ya magari mengine. Muulize fundi kama huisafisha.

Mkazi_wa_Tabata: Nitampigia asubuhi, ingawa kopo la gesi tupu bado linanivutia.

Baridi_Kali: Muulize pia kama huvuta hewa na unyevu kwa pampu kabla ya kujaza, na kama gesi huipima kwa mizani.