Matangazo ya viwanja yananifuata kila ukurasa, naombeni ushauri

Mama Wawili: Wakuu, habari zenu. Tangu nipekue viwanja vya Kibaha mtandaoni, kila ukurasa ninaofungua kwenye Chrome unaleta tangazo la muuzaji yule yule, picha ya bikoni na bei chini yake. 2023 kilijitokeza kidirisha kusema matangazo sasa yatalinda faragha, nikakubali. Mbona naumbuka?

Fundi wa Mtaa: Dada, usikisingizie kidirisha. Ule mfumo kilioutangaza, Topics wa Google, ulichagua mada tano kila wiki humo humo kwenye kompyuta yako, na tovuti ikapewa zisizozidi tatu. Mada pana tu, kama michezo au viwanja na nyumba. Mara nyingine ilichomekwa ya kubahatisha ili kuvuruga wapelelezi. Haikuweza kusema "Kibaha, bei hii". Hiyo kazi ya vidakuzi (cookies) vya watangazaji: uliingia kwa muuzaji, ukawekewa alama, unafuatwa nayo. Safari, kivinjari cha Apple, inavizuia tangu 2020. Chrome iliahidi kuviondoa, Julai 2024 ikaghairi.

Kaka Mkubwa: Mimi niliangalia godoro. Nimeshanunua, nalilalia, bado naletewa godoro!

Fundi wa Mtaa: Hiyo kompyuta mnatumia wangapi?

Mama Wawili: Ni ya nyumbani. Akaunti iliyo wazi ni ya mume wangu. Hajui habari ya kiwanja.

Bi Mkubwa: Kumbe! Mwanangu, shida si matangazo hapo. Mume hafichwi kiwanja.

Mama Wawili: Shikamoo mama. Arbuni nimeshalipa, pesa ya kikoba, jasho langu. Cha kwanza alikiuza bila kuniuliza. Sirudi nyuma.

Pilipili Kichaa: Chai hii. Google walitangaza Oktoba 2025 kwamba Topics inaondolewa. Huyu kasoma makala, kaja kututungia.

Mama Wawili: Nimesema nilikubali 2023. Risiti ninayo.

Kaka Mkubwa: Iweke hapa basi, ziba majina.

Fundi wa Mtaa: Asiweke kitu! Mtu kaja kulinda siri zake, nyie mnamdai risiti. Dada, futa vidakuzi vya tovuti ile, kisha kwenye akaunti ya mzee ya Google ingia Shughuli Zangu (My Activity) ufute ulichopekua wewe. Kuanzia leo fungua wasifu (profile) wako mwenyewe kwenye Chrome.

Mama Wawili: Nimefuta, sasa linakuja la sabuni. Asante kaka. Mama, nitamwambia hati ikitoka.

Bi Mkubwa: Hati inaweza kukaa miaka, mwanangu.