MREJESHO: Kulaza keisi ya kompyuta ubavu

Wakuu habari zenu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama keisi ya kusimama naweza kuilaza, maana chini ya meza haiingii ikiwa wima, halafu kadi ya grafiki ni nzito ilishaanza kuinama.

Nimefuata ule ushauri wa kulaza upande wa mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) uwe chini, ubavu wenye matundu ubaki juu na usiwekewe kitu. Nilizima kabisa kabla ya kuigeuza, kwa sababu hard disk (diski ya kuhifadhia data) ikiwa inazunguka haitaki kutikiswa, ila ikishatulia inapiga kazi vilevile iwe wima au imelala. Nikabandika na vimiguu vya mpira. Aisee kadi imenyooka, sasa uzito wote unashuka kwenye sloti yake, na joto halijapanda hata nikicheza gemu nzito.

Kilichogoma ni DVD. Trei inatoka imesimama kwa hiyo sahani lazima uibane kwenye vile vimeno vya pembeni, ya sentimita 12 inashika vizuri lakini zile ndogo za sentimita 8 zinadondoka tu. Na vumbi linaingia sana kwa juu, inabidi kusafisha mara kwa mara.

Ndugu uliyesisitiza feni ya pawasaplai (kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya keisi) isizibwe, ubarikiwe sana, maana iliyokuwa inavuta hewa kwa chini sasa inatazama ukuta, nikaisogeza keisi mbali na ukuta. Asanteni wote kwa kweli, kwangu inabaki imelala hivihivi.